Ruta ya mfukoni kati ya minara miwili ya Kobero

WAFANYABIASHARA wanaovuka Kobero kwenda Kabanga wanaijua dalili yenyewe. Bado uko upande wa Burundi, hujagongewa hata muhuri, mara saa ya simu inaruka mbele kwa saa nzima. Simu imeshika mnara wa Tanzania. Hilo la saa ni dogo. Lakini ruta ndogo ya waifai iliyomo mkobani nayo ikishika mnara wa jirani, huku ruhusa ya romingi iko wazi, inaweza kumaliza salio kimya kimya kabla mwenye mzigo hajafika kwa mteja.

Mwaka 2006 Celtel ilipounganisha wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania, wengi walidhani mipaka ya simu imekwisha. Mpango wa Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2014, Kenya, Rwanda na Uganda zikitangulia, nao ulianza na bei ya kupiga simu. Intaneti ina hesabu yake.

Dawa imo ndani ya ruta yenyewe. Unganisha simu na waifai ya ruta, kisha pale unapoandika anwani za intaneti andika tarakimu zilizobandikwa chini ya kifaa au chini ya betri. Ruta nyingi za Huawei hutumia 192.168.8.1, nyingine hutumia 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Utaulizwa jina na neno la siri, na mara nyingi yote mawili ni "admin". Ukikuta kurasa za Kifaransa, nawe kama mimi ulisomea Ulyankulu kwa Kiswahili na Kiingereza, usihangaike: ruta nyingi zina mahali pa kuchagua lugha, juu pembeni.

Ukishaingia, zima romingi ya data. Wengi huishia hapo, na ndipo tabu inapoanza. Ruta iliyoachwa ijitafutie mtandao itashika tena mnara wa ng'ambo. Haitakula fedha, lakini intaneti itakatika. Muuza mchele anayesubiri ujumbe wa mteja wa Muyinga atadhani kifaa kimekufa. Kwa hiyo acha utafutaji wa otomatiki, chagua mtandao kwa mkono, subiri dakika mbili tatu orodha itokee, kisha gusa jina la kampuni yako. Ukivuka na kuweka laini ya Tanzania, rudisha otomatiki.

Laini hiyo ya pili itataka APN yake. Ongeza mpya, ile ya zamani usiifute. Herufi moja ikikosewa, milia ya mtandao inaweza kujaa na hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka, basi waulize huduma kwa wateja na uandike kwenye karatasi. Pia ruta nyingi zinazouzwa rahisi na kampuni za simu zimefungwa zisikubali laini ya kampuni nyingine. Jaribu laini zako zote mbili palepale dukani, kabla ya kutoa fedha.

Halafu kuna majirani wa kibanda. Neno la siri la waifai limebandikwa mgongoni mwa ruta, na aliyeishika mara moja ameshalisoma. Badili hilo, badili na lile la "admin", chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na upunguze idadi ya simu zinazoruhusiwa. Watatu wanatosha.

Hata hao watatu wana hasara yake. Simu ikiona waifai hudhani ni ya bure, ikaanza kupakua programu mpya na kupeleka picha zote kuhifadhiwa mbali. Katika mipangilio ya waifai kwenye kila simu, weka alama kwamba mtandao huu unapimwa, nayo itapunguza ulaji.

Ukisahau neno la siri, kuna kitobo kidogo cha kubonyeza kwa pini kwa sekunde kama kumi. Lakini kila kitu kitarudi kilivyotoka kiwandani. Ukibonyeza ukiwa Kobero, toa laini kwanza, na usiirudishe hadi umehakikisha romingi imezimwa.