Njumu za mtoto: usinunue za kukulia

Mzazi mmoja wa Bugomora, wilayani Kyerwa, ameniuliza kwa nini mwanaye wa miaka 11, aliyechaguliwa timu ya shule kujiandaa na UMITASHUMTA, anatoka mazoezini akichechemea ilhali hakuanguka wala hakupigwa teke. Alimnunulia njumu gulioni, namba tatu zaidi ya mguu wake, ili azivae mpaka amalize shule ya msingi. Najua wazazi wengi hufanya hivyo, kwa hiyo namjibu hapa ili tusome wote.

Tuanze na hizo namba tatu. Kwa namba za Ulaya, yaani zile za 35, 36, 37, kila namba huongeza karibu milimita 7. Namba tatu ni sentimita 2 tupu. Mtoto akisimama ghafla, mguu unateleza mbele. Akikimbia, kisigino kinapanda na kushuka ndani ya kiatu. Hapo ndipo yanapotoka malengelenge, kucha nyeusi na kifundo kinachopinduka kirahisi. Kujaza kitambaa au gazeti mbele hakusaidii, maana kiatu bado kinakunjika mahali ambapo mguu haukunjiki.

Lakini kinachonishughulisha zaidi ni kisigino. Katika umri wa miaka 8 hadi 14 hivi, mfupa wa kisigino haujakomaa. Nyuma yake kuna sehemu ya gegedu inayoendelea kukua, na hapo ndipo inaposhika kano nene inayotoka kwenye kigimbi. Mtoto anayekimbia sana kwenye uwanja mgumu huvuta sehemu hiyo tena na tena mpaka inauma. Njumu zenye soli nyembamba huzidisha. Bana kisigino chake kwa vidole pande mbili, kulia na kushoto. Akishtuka kwa maumivu, huenda tatizo ni hilo. Apunguze mbio na kuruka kwa wiki kadhaa, akandwe kwa kitambaa cha maji baridi, kisha arudi uwanjani polepole. Asiitwe mvivu. Maumivu haya hayaachi ulemavu, na huisha mfupa unapokomaa.

Sasa kununua. Wengi wetu huenda gulioni na kijiti au uzi wa urefu wa mguu. Ni afadhali kuliko kukisia, ila kijiti hakisemi chochote kuhusu upana. Ukiweza, nenda na mtoto mwenyewe, tena jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Avae soksi zake za mpira na kujaribu miguu yote miwili, kwani mara nyingi mmoja huwa mkubwa kuliko mwingine. Chagua kwa ule mkubwa. Akiwa amesimama, ibaki karibu sentimita 1 mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe kidole gumba. Kama soli ya ndani inatoka, itoe umsimamishe juu yake: mguu ukimwagika pembeni, njumu hizo ni nyembamba mno. Kisha akimbie hatua chache na kusimama ghafla hapo hapo mbele ya muuzaji. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Kwa mitumba, geuza kiatu uangalie meno. Yakiwa yamelika upande mmoja tu, achana nacho. Kimeshafuata mwendo wa mtu mwingine na kitampeleka mwanao huko huko. Meno marefu ya chuma ni ya uwanja laini wenye matope. Viwanja vyetu kuanzia Juni hadi Agosti huwa vikavu kama sakafu, hivyo tafuta meno mafupi, mengi, ya plastiki. Zioshe kwa sabuni na kuzianika kabla ya kuvaliwa, kwa sababu ya fangasi. Ile tabia ya wachezaji kupokezana njumu wakati wa mapumziko nayo tuiache.

Na kama hela haitoshi? Raba zinazomkaa sawasawa ni bora kuliko njumu zisizomkaa, hata kama wenzake watamcheka. Kila baada ya miezi mitatu bonyeza mbele ya kiatu uone kama nafasi bado ipo.

Mpeleke kituo cha afya bila kungoja kama hawezi kukanyaga, kama maumivu yanamwamsha usiku, au kama mguu umevimba na ana homa. Hizo zinaweza kuwa dalili za kuvunjika au za usaha ndani ya mfupa. Kama ana selimundu, mweleze mhudumu mara tu mnapofika. Na akichomwa na msumari uwanjani, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha mpeleke siku hiyo hiyo pamoja na kadi yake ya chanjo, ili waangalie kinga yake ya pepopunda.