Land Rover ya zamani: kabla hujatoa dainamo ukafunga alteneta

Chukulia una Land Rover Series IIA ya mwaka 1964 pale Oldeani. Usiku unashuka kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro kuelekea geti la Lodoare. Ukungu umetanda, taa zinawaka, waipa zinafanya kazi, na mwendo ni wa pole. Kadiri unavyopunguza mwendo ndivyo taa zinavyofifia. Usikimbilie kulaumu betri. Mara nyingi mwenye kasoro ni dainamo.

Kwa nini? Ndani ya dainamo, koili zinazozalisha umeme ndizo zinazozunguka, na umeme wote unatoka kupitia brashi za kaboni. Ukiizungusha kasi kupita kiasi, brashi zinatoa cheche na koili zinaweza kuchomoka. Ndiyo maana ilipewa puli kubwa, izunguke taratibu. Matokeo yake, injini ikiwa kwenye silensa, yaani inaunguruma tu bila kukanyaga mafuta, chaji ni karibu na sifuri. Hata ikikimbia, dainamo ya Lucas C40 inatoa ampea 22 hivi tu.

Alteneta imegeuza mpango huo. Koili za kuzalisha zimetulia, kinachozunguka ni sumaku-umeme inayotumia ampea chache. Umeme unaozalishwa ni wa kwenda na kurudi, kisha diodi zinaufanya uende upande mmoja. Kwa hiyo inastahimili kasi kubwa, inapewa puli ndogo, na inachaji hata kwenye silensa. Lucas 18ACR ya miaka ya 70 inatoa ampea 45 hivi.

Sasa, hizo diodi ndizo raha na ndizo hatari. Land Rover zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1967 hivi zilifungwa chanya (+) kwenye bodi, wakati alteneta za kawaida zinataka hasi (−). Ukiunganisha bila kugeuza, umeme wote wa betri unapita kwenye diodi bila kizuizi. Diodi zinaungua papo hapo, na waya unaweza kushika moto.

Basi fuata mpangilio huu, betri ikiwa imefunguliwa:

1. Geuza betri, hasi iende kwenye bodi. Badilishana nyaya mbili za ammita na, kama injini ni ya petroli, nyaya ndogo mbili za koili ya kuwashia. Starta haijali, itazunguka upande uleule. Redio ya zamani usiiunganishe mpaka fundi aikague.

2. Toa kontroli boksi kazini, kwa sababu 18ACR ina regyuleta yake ndani. Nyaya za A na A1 ziunganishe pamoja. Waya mwembamba wa taa ya chaji, uliokuwa kwenye D, uunganishe na waya wa F. Upande wa injini, waya huohuo wa F uingie kwenye IND ya alteneta. Waya mnene wa D uufunge ncha zote mbili kwa tepu.

3. Vuta waya mpya mnene kutoka B+ ya alteneta hadi pale waya wa betri unapoingia kwenye swichi ya starta. Usiutumie ule wa zamani. Joto kwenye waya hukua kwa kipeo cha pili cha ampea, kwa hiyo kutoka ampea 22 hadi 45 joto linapanda zaidi ya mara nne.

Halafu kuna kitu wengi hukidharau: taa ya chaji. Si pambo. Umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndogo ndio unaoamsha sumaku ya alteneta. Ikiungua, alteneta inaweza kukataa kuanza kuchaji.

Ukimaliza, washa gari, weka mita kwenye betri. Ukisoma volti 13.8 hadi 14.4, kazi imekubali. Na usifungue kamwe waya wa betri injini ikiwa inazunguka, eti unajaribu chaji. Kwa dainamo mafundi wa zamani walizoea hivyo. Kwa alteneta, volti zinaruka juu ghafla, na diodi ndizo za kwanza kufa.