Kisanduku cha Chini ya Ngazi: Kuchagua Swichi Kuu ya Ofisi Ndogo

Msomaji mpendwa, ukisikia neno swichi bila shaka akili yako inakimbilia ukutani, kwenye kile kidude cha kuwashia taa. Hata mjomba wangu alidhani hivyo. Makala haya yanahusu swichi nyingine kabisa, yaani kisanduku chenye matundu mengi ambamo nyaya za tarakilishi zote za ofisi hukutania. Nimeamua kukieleza kwa sababu likizo ya Disemba iliyopita niliona kwa macho yangu ofisi nzima ikikaa mikono mashavuni kwa saa tano. Hapakuwa na mwizi, wala stima haikupotea. Chanzo kilikuwa waya mmoja usiozidi urefu wa mkono wangu.

Mjomba ana ofisi ya uwakala wa forodha mjini Mombasa. Ni orofa mbili ndogo zenye wafanyakazi 12, na kazi yao ni kutayarisha hati za mizigo inayoshuka bandari ya Kilindini. Siku hiyo kulikuwa na kontena la mteja mmoja ambalo muda wake wa kukaa bandarini bila malipo ulikuwa unakwisha. Mnamo saa nne asubuhi, mfanyakazi mmoja aliyekuwa akihamisha meza akaona waya wa mtandao unaning'inia karibu na kisanduku kidogo kilichokuwa sakafuni. Kwa nia njema akauchomeka katika tundu lililokuwa wazi. Hakujua kwamba ncha ya pili ya waya uo huo ilikuwa tayari imechomekwa katika kisanduku icho hicho.

Loo! Kabla ya dakika kwisha, printa zikagoma. Mfumo wa forodha ukawa haufunguki. Ruta ikazimwa na kuwashwa mara sita. Kampuni ya intaneti ikapigiwa simu, ikalaumiwa bure bilashi. Fundi alipofika, dada mmoja mpole mwenye mkoba mdogo, hata hakuketi. Alitazama taa za kile kisanduku, zote zikimetameta kwa pamoja kama za gari la harusi, akacheka kidogo.

"Mzee, hapa hakuna virusi. Hapa kuna waya umejiuma mkia."

Akauchomoa. Kila kitu kikarudi. Lakini ilikuwa saa tisa alasiri, na hati za lile kontena hazikuwahi. Gharama za siku za ziada mjomba alizilipa kutoka mfukoni mwake, maana mteja hakuwa na kosa. Jioni ile akasema, "Nataka kitu ambacho mtu hawezi kukiua kwa waya." Hapo ndipo shughuli ya kuchagua ilipoanza, nami nikawa mbeba daftari.

Kwanza tuelewe kisanduku hiki hufanya nini. Mtindo wa kuunganisha tarakilishi kwa nyaya uitwao Ethernet ulibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe akishirikiana na David Boggs katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Marekani. Kwa miaka mingi, visanduku vya kukutanishia nyaya vilikuwa vile viitwavyo habu. Habu ni kama barua ya mwanafunzi mmoja kusomwa kwa sauti gwarideni. Shule nzima inaisikia, na kila asiyehusika anatakiwa ajifanye kiziwi. Tena wawili wakisema kwa pamoja, maneno yanagongana na inabidi yarudiwe. Swichi ni kiranja mwerevu. Kila chombo cha mtandao kina nambari yake kilichopewa kiwandani, na swichi hujifunza nambari ipi iko tundu lipi. Ikipokea barua ya Hamisi, inaipeleka kwenye dawati la Hamisi peke yake.

Sasa, zipo barua ambazo hazina budi kwenda kwa wote, mathalani tarakilishi inapouliza, "Jamani, printa ni nani?" Tangazo la namna hiyo swichi hulipeleka kila tundu isipokuwa lile lililotokea. Waya ukijizungusha, tangazo linatoka tundu moja na kuingia jingine, swichi inaliona kama tangazo jipya, inalisambaza tena, na tena, mara maelfu kwa sekunde. Halizeeki wala halichoki, kwa kuwa barua za Ethernet hazina kihesabio cha kusema "nimetembea vya kutosha." Ndiyo gari la harusi tuliloliona.

Dawa yake ilipatikana zamani. Mwaka 1985, mwanamke aitwaye Radia Perlman, akifanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment Corporation, alibuni kanuni inayoziwezesha swichi kutambua mzunguko na kuifunga njia moja ili njia zibaki kama matawi ya mti. Shida ni kwamba visanduku vya bei ya chini kabisa, vile vya chomeka-ufanye-kazi, aghalabu havina kanuni hiyo. Kwa hivyo sharti la kwanza la mjomba likawa hili: swichi kuu iwe ya aina inayoweza kupewa maagizo. Mtu aweze kuifungua katika tarakilishi, aone tundu lipi lina vurugu, alifunge au alifungue. Fundi akaongeza kwamba kanuni ya mti peke yake haitoshi. Iulizwe pia kama swichi inaweza kugundua kitanzi kilichofanyika mbali, ndani ya kisanduku kingine kijinga kilichounganishwa nayo, na kulifunga tundu linaloelekea huko.

Zikaja kotesheni nne. Mjomba, kama wafanyabiashara wote, aliangalia kwanza mstari wa mwisho wenye bei. Akataka kuchukua ya kwanza, matundu 24, haina maagizo, bei ya chini. Fundi alipokataa, akamwambia, "Mwanangu, mchagua nazi hupata koroma. Tuuzie moja tufanye kazi." Dada yule akajibu kwa adabu kwamba nazi bado hawajaziona, wameona makuti tu, na akaniomba nihesabu vyombo vyote vya ofisi.

Nilihesabu tarakilishi 12, printa 2, seva ya kuhifadhi faili, ruta, kamera 6 za usalama na vyombo 2 vya kurusha waifai. Jumla 24. Nilifurahi mno! Matundu 24, vyombo 24! Fundi akaniuliza, "Na siku mjomba akiajiri mtu mmoja?" Kumbe pia si lazima vyote vifike kwenye swichi kuu. Orofa ya juu kuna tarakilishi 5 na printa moja. Hizo sita zinakutania katika kisanduku kidogo cha huko juu, kisha waya mmoja unashuka. Chini wanabaki 18, ukiongeza waya wa juu ni 19. Matano yanabaki wazi. Huo ndio upana wa kutosha, na kununua matundu 48 kungekuwa sawa na kushona sare ya mtu mwingine.

Kuhusu kasi, msomaji, usitishwe na vijitabu vya wauzaji. Swichi ya leo ya ofisi hupitisha gigabiti moja kwa sekunde katika kila tundu. Kijitabu kikisema "uwezo gigabiti 48," si miujiza. Ni matundu 24 mara mbili, kupeleka na kupokea. Ofisi ya mjomba inalipia intaneti ya megabiti 50, nayo gigabiti ni megabiti 1,000, kwa hiyo swichi haitakuwa ndiyo inayochelewesha intaneti. Inafaidi zaidi pale hati zilizopigwa picha zinapopelekwa kwenye seva ya mle mle ndani. Wenye kotesheni mbili walitaka kumuuzia matundu ya gigabiti 10 vilevile. Kwa kampuni ya kuhariri filamu ningeelewa. Kwa watu 12 wanaojaza fomu, hapana.

Lakini waya nao unaweza kukuaibisha. Gigabiti inahitaji nyuzi zote nane zilizo ndani ya waya, na umbali usizidi mita 100. Fundi alipoukata kichwa waya unaotoka orofa ya juu, alikuta aliyeufunga zamani alitumia nyuzi nne tu, ambazo zinapitisha megabiti 100 basi. Mjomba angenunua swichi ya dhahabu, watu wa juu wasingeona tofauti. Pia akatuonya kuhusu waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, ambao huuzwa kwa bei ya kuvutia. Ukwangue kwa kisu. Ukiwa mweupe ndani, uache dukani.

Jambo lililotaka kutukwaza ni stima. Kamera na vyombo vya waifai vinaweza kupata umeme kupitia waya ule ule wa mtandao, na hivyo huhitaji kuweka soketi darini. Mafundi huita mpango huo PoE. Kanuni yake ya mwaka 2003 inaruhusu swichi kutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, na ile ya 2009 hadi wati 30. Kotesheni ya pili ilikuwa na matundu 8 ya kutoa umeme, na sisi tulikuwa na vyombo 8 vya kuuhitaji. Mjomba akapiga kofi, "Hiyo!" Fundi akasema tusome maandishi madogo. Kwa jumla swichi ile ilikuwa na wati 60 tu za kugawa. Tukahesabu. Kamera 6 kwa wati 7 ni 42, waifai 2 kwa wati 13 ni 26, jumla 68. Na kamera hazili sawa mchana kutwa. Usiku huwasha taa zao zisizoonekana na kula zaidi. Yaani swichi ile ingefanya kazi vizuri mchana, fundi angelipwa akaenda zake, halafu giza likiingia baadhi ya kamera zingezimika, saa zile zile ambazo mwizi hupenda kutembea. Hapo mjomba akanyamaza kimya, na tangu siku ile hakutaja koroma tena.

Kotesheni ya tatu ilikuwa ya mashine kubwa iliyotumika ng'ambo, matundu 48, jina kubwa, bei ndogo. Sipendi kuvidharau vitu vya mtumba, hata sweta langu ni la mtumba. Lakini mashine ile, tulipoiwasha dukani, feni zake zilivuma kama posho mill, na huko chini ya ngazi kuna meza ya mhasibu hatua mbili tu. Isitoshe, mtengenezaji alikwisha kuacha kuitolea marekebisho ya programu yake ya ndani. Tundu la usalama likigunduliwa leo, hakuna wa kuliziba. Kwa mtu anayejifunza nyumbani, mashine kama ile ni hazina. Kwa ofisi inayotunza hati za watu, sina hakika.

Hati za watu ndizo zilizonifanya nielewe faida ya mwisho. Wateja wanaosubiri pale chini huomba waifai, na wamekuwa wakipewa. Maana yake simu ya mgeni ilikuwa katika mtandao mmoja na tarakilishi ya mhasibu na seva yenye nakala za vitambulisho na pasipoti. Nchi yetu ina sheria ya kulinda data tangu mwaka 2019, na anayeweka habari za watu anatakiwa azilinde. Swichi inayopokea maagizo inaweza kugawanywa kana kwamba ni swichi kadhaa zisizoonana. Migawanyo hiyo huitwa VLAN, na kanuni yake iliandikwa rasmi mwaka 1998. Inaruhusu migawanyo 4,094. Mjomba alihitaji minne: wafanyakazi, seva na uhasibu, kamera, wageni. Anayeruhusiwa kuvuka kutoka mgawanyo mmoja hadi mwingine huamuliwa na ruta. Zipo swichi zinazofanya kazi hiyo zenyewe, ila kwa ofisi ndogo ruta nzuri hutosha.

Basi ikanunuliwa ya nne: matundu 24, yote hutoa umeme, wati 190 kwa jumla, inapokea maagizo, na ina feni ndogo isiyosumbua. Kabla ya kulipa, fundi alimuuliza muuzaji swali ambalo nisingelifikiria: je, ada ya mwaka ya kuiongoza kwa simu isipolipwa, swichi itaendelea kufanya kazi? Akajibiwa itaendelea, akataka jibu hilo liandikwe kwenye risiti. Neno la siri la kiwandani lilibadilishwa siku hiyo hiyo. Mlango wa kabati la chini ya ngazi ulitobolewa matundu ya hewa kwa sababu ya joto la Mombasa. Na swichi ikawekewa betri yake pamoja na ruta, kwani kuna faida gani tarakilishi za mkononi kuwa na chaji ilhali mtandao umelala?

Siku ya majaribio mjomba alidai atende kosa lile yeye mwenyewe. Akaunganisha matundu mawili ya swichi kuu kwa waya mmoja. Taa moja ikageuka rangi ya machungwa, na hakuna mfanyakazi aliyeinua kichwa. Akapanda juu, akafanya vivyo hivyo katika kile kisanduku kidogo. Orofa ya juu ikanyamaza mara moja, lakini chini printa ikaendelea kutoa karatasi.

"Mbona huku kumekufa?" akauliza kutoka ngazini.

"Mzee, ugonjwa umefungiwa chumba kimoja," fundi akajibu. "Zamani ungeua nyumba nzima."

Mjomba ameahidi kukibadilisha kisanduku cha juu mwaka huu, fedha zikipatikana. Kile cha sakafuni kilicholeta balaa nilikiomba, nikapewa pamoja na waya wake. Kipo katika maabara ya tarakilishi hapa shuleni, rafu ya chini, nacho hakijaunganishwa na chochote cha shule. Anayetaka kuona gari la harusi na aje Alhamisi baada ya michezo.