Tulivua Samaki, Tukampata Baba

Likizo ya shule inapokaribia, akina mama wengi huingiwa na wasiwasi. Watoto watakula nini, na nauli ya kwenda kwa ndugu itatoka wapi? Wengi huamua kwamba safari ya familia ni anasa ya wenye nacho. Mimi nimelelewa katika nyumba isiyokuwa nacho, lakini kila Desemba tulikwenda Pangani kuvua samaki. Ningependa kuwashirikisha akina mama wenzangu matunda ya safari hizo.

Kuyasoma maji

Baba alikuwa karani katika shamba la mkonge karibu na Korogwe. Alikuwa mkali, tena wa maneno machache. Akiingia mlangoni, sisi watoto tulitoweka. Shangazi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Pangani, na kwake ndiko tulikofikia. Mama alifunga mchele na maharage, tukapanda basi hadi Tanga, kisha jingine la kufuata pwani.

Hatukuwa na chombo wala nyavu. Tulikuwa na mishipi, ndoana na chubwi tu. Majirani wa shangazi, Waislamu wakarimu, walitufundisha kuyasoma maji. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Siku hizo bahari hutoka mbali kabla ya adhuhuri, na wanawake huenda miambani kutafuta pweza. Wengine hushika kanga pembe kwa pembe wakatanda uduvi. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Aliyeshuka jana saa nne, leo hushuka karibu saa tano.

Jioni tulikaa na baba kwenye mlango wa Mto Pangani, kila mmoja na mshipi wake. Mvuvi wa mshipi hana haraka. Ndipo baba alipoanza kutusimulia utoto wake.

Mwaka wa shida

Katika miaka ya 1980 kilimo cha mkonge kilidorora, na baba akapunguzwa kazini. Alisema safari haipo. Mama aliuza kuku wake, akamwambia kwa upole, "Baba watoto, mwaka huu ndio hasa wa kwenda."

Kwa siku tatu baba hakuzungumza. Siku ya nne, mishipi ikiwa majini, alituambia kwamba hana kazi tena, na kwamba anaogopa. Hatukuwahi kumsikia baba akitamka neno hilo. Kaka yangu, aliyekuwa na miaka 12, akajibu, "Baba, tutalima pamoja."

Usiku ule tulikula changu wawili wadogo, watu saba. Sala ya chakula, ambayo siku zote ilikuwa ya mama, aliiomba baba. Shida haikuisha, kuna siku tulilala na uji. Lakini tangu hapo baba akiingia mlangoni tulimkimbilia.

Funzo kwetu wazazi

Injili ya Yohana, sura ya 21, inatueleza kwamba Bwana Yesu aliyefufuka aliwaandalia wanafunzi wake samaki na mkate ufukweni. Petro alikuwa amemkana. Bwana alimlisha kwanza, ndipo akazungumza naye. Mama mwenzangu, huenda mumeo au mwanao ana neno zito moyoni ambalo halitoki kwa kuhojiwa. Mpe muda, chakula na kazi ya mikono.

Ukiweza kwenda pwani, zingatia haya:

1. Waulize wenyeji saa za maji, mkarudi nchi kavu kabla hayajaanza kujaa.
2. Vaeni viatu, miambani kuna miiba ya urumba. Msikanyage matumbawe, kwani ndiyo nyumba ya samaki.
3. Warudisheni samaki wachanga, wala msinunue waliovuliwa kwa baruti, ambayo huua hata mayai.
4. Gawaneni kazi. Watoto waparue magamba, baba awashe moto, ili nawe mama upumzike.

Kama pwani ni mbali, bwawa la karibu au hata shamba la babu linatosha. Watoto hawatakumbuka gharama. Watakumbuka nani alikaa nao, na walizungumza nini. Mungu azibariki likizo zenu.