Dawa Isiyoua Mdudu, Nani Alipe?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya bidhaa mbovu, lakini si ubovu ule tuliouzoea kuulalamikia. Mtu akinunua soda chupa ikampasukia usoni, kila mmoja wetu anaelewa kwamba ameumizwa na kwamba kuna mtu wa kuulizwa. Damu inaonekana, cheti cha daktari kipo. Je, mtu akinunua kitu ambacho hakikumchoma, hakikumkata wala hakikumlaza hospitali ya Tumbi, ila hakikufanya kazi yake? Amenunua dawa, mdudu hakufa. Amenunua mbegu, haikuota. Huyu naye kaumizwa, lakini hana kidonda cha kuonyesha.

Nauliza hivyo kwa sababu ya wilaya mbili za Mkoa wa Pwani, Kibaha na Kisarawe. Ukiziangalia pamoja unaliona jambo hili kutoka pande zote mbili, upande wa anayetengeneza na upande wa anayetumia.

Kibaha ya leo si ile tuliyoijua kwa Shirika la Elimu na barabara ya Morogoro peke yake. Viwanda vimeota Zegereni, Kwala na eneo la TAMCO. Hapo TAMCO ndipo kilipo kile kiwanda cha Shirika la Maendeleo ya Taifa, kilichojengwa kwa ujuzi wa Wakuba, kinachotengeneza viuadudu vya kuua viluwiluwi wa mbu. Juni 2017 Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, alikitembelea akaziagiza halmashauri zikanunue dawa hiyo. Ndani ya dawa za namna hiyo mna bakteria. Kiluwiluwi akila sumu wanayoitengeneza, tumbo lake linaharibika na anakufa. Lakini ni lazima ale. Aliyekwisha kugeuka kuwa bundo hali tena, kwa hiyo dawa haimpati. Ukimwaga pungufu ya kipimo, au ukamwaga mara moja kisha ukakaa miezi bila kurudia, mbu watakuja kama kawaida. Sasa mtaa ukiendelea kuumwa malaria, kosa litakuwa la dawa, la aliyeimwaga, au la ratiba ya halmashauri? Sisemi kwamba dawa ya Kibaha ina kasoro. Ninachosema ni kwamba bidhaa ya namna hii inaweza kuwa nzima kabisa kiwandani na isifanye kazi mtaani, na hapo ndipo wanasheria wanapopata chakula chao.

Twende Kisarawe. Huko mkorosho ukianza kutoa maua, adui ni ubwiriunga, na dawa yake ya siku nyingi ni salfa ya unga, inayopulizwa alfajiri kabla upepo haujaamka. Tuseme mkulima wa Maneromango ananunua mifuko kumi ya salfa dukani, anapuliza kama alivyoelekezwa, na maua yananyauka vilevile. Hakuna aliyeungua ngozi wala mti uliokufa. Kilichopotea ni korosho ambazo hazikuzaliwa. Atamdai nani?

Wengi watasema amdai mwenye kiwanda. Kisheria huo ndio mlango mgumu zaidi. Kanuni inayomfanya mwenye kiwanda awajibike kwa mtu ambaye hakumuuzia moja kwa moja tuliirithi kutoka kwa Waingereza, na ilitokana na kesi ya konokono. Agosti 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, mwanamke aitwaye May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi katika chupa ya rangi nzito. Alidai kwamba baada ya kunywa nusu, kilichobaki kilipomiminwa akatoka konokono aliyeoza. Kwa kuwa aliyelipa ni rafiki, mama huyu hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Mwaka 1932 majaji watatu kati ya watano wa Baraza la Malordi wakasema kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji wa mwisho, hata kama hawajawahi kuonana. (Kwa taarifa yenu, shauri lenyewe liliishia nje ya mahakama, na hakuna hakimu aliyewahi kuthibitisha kwamba konokono alikuwemo ndani ya chupa ile. Dunia nzima inafundishwa sheria kwa konokono ambaye huenda hakuwapo.)

Sasa sikilizeni vizuri. Kanuni ya konokono inamlinda mtu aliyedhurika mwili, au ambaye mali yake nyingine imeharibiwa na bidhaa. Haimsaidii sana mtu ambaye hasara yake ni fedha tu: kwamba kitu alichonunua hakina thamani aliyoitarajia, na faida aliyoingoja haikuja. Hasara ya namna hiyo kwa kawaida hudaiwa kwa mkataba, na mkulima wetu ana mkataba na mtu mmoja tu, yaani yule mwenye duka la pembejeo.

Basi tuingie dukani. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, iliyofuata ile ya Waingereza ya mwaka 1893, inahesabu kwamba ndani ya mauzo yamo masharti hata kama hakuna aliyeyatamka. Moja ni kwamba bidhaa inayouzwa kwa maelezo, na mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa hizo, iwe na ubora unaofaa kwa biashara. Jingine ni kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia na akategemea ujuzi wake, kitu atakachopewa kifae kwa kazi hiyo. Na muuzaji hana pa kujificha kwa kusema hakujua, ati mfuko ulikuja umeshonwa kutoka kiwandani. Kutojua si kinga katika mkataba. Atalipa, kisha naye amgeukie aliyemuuzia kwa jumla, na huyo wa jumla amgeukie wa juu yake.

Hapa pana mtego ambao watu wa mjini pia hunaswa. Ukiingia dukani ukasema, "Nipe ile ya jina fulani," umechagua mwenyewe, na sharti la kufaa kwa kazi linaweza kukuponyoka. Ukisema, "Bwana, mikorosho yangu ina ubwiriunga, nipe kitakachonisaidia," umemtegemea yeye. Fedha ni ileile na mfuko pengine ni uleule, lakini maneno ya kaunta yamebadilisha kesi. Na lile tangazo lililopigwa mhuri kwenye risiti, kwamba mali ikiuzwa hairudishwi, lisikutishe. Sharti unaloonyeshwa baada ya kulipa halikuwa sehemu ya mapatano yenu. Juu ya hayo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo imeweka masharti ya kumlinda mlaji na wajibu wa mtengenezaji, na inasimamiwa na Tume ya Ushindani.

Hata hivyo, kuwa na haki ni jambo moja, kuithibitisha ni jingine. Ipo kesi ya Uingereza inayofanana mno na mambo ya Kisarawe. Mkulima mmoja, bwana Wormell, alizuiwa na baridi na mvua za mwaka 1983 asipulize dawa ya magugu katika ngano yake kwa wakati. Akamwomba muuzaji dawa inayoweza kutumika kwa kuchelewa, akapewa, akapuliza, na magugu yakaendelea kustawi. Mahakama ya kwanza ikampa ushindi. Mwaka 1987 Mahakama ya Rufani ikaubatilisha. Majaji walikubali kwamba maelezo yanayoambatana na bidhaa ni sehemu ya bidhaa yenyewe, na yakipotosha, bidhaa ni mbovu. Ila maelezo yale yalikuwa wazi kuhusu wakati wa kupuliza, naye alikuwa amepuliza nje ya wakati huo. Nikisoma kesi ile huwaza mifuko ya pembejeo yenye maelezo ya Kiingereza, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa, yanayouzwa kwa mzee anayesoma Kiswahili. Nadhani ni swali zuri kwa mahakama zetu kama maelezo ya namna hiyo ni maelezo kweli.

Sasa bima. Kuanzia mwaka 1967 hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua milango kwa makampuni binafsi, mtu wa Bara aliyetaka bima alikwenda Shirika la Bima la Taifa, basi. Leo makampuni ni mengi, chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na bima ya dhima ya bidhaa ipo. Bima ya gari ya mtu wa tatu unalazimishwa na sheria. Hii ya bidhaa mwenye kiwanda huikata akiona inamfaa, na wengi hawaoni. Niliwahi kuzungumza na bwana mmoja wa Kibaha mwenye kiwanda kidogo, akaniambia kwa kujiamini kwamba yeye ana "bima kubwa". Tulipoifungua hati, ilikuwa ya moto na wizi wa majengo yake. Sabuni yake ikimtoa mtu malengelenge, bima ile haina habari.

Hata aliyekata ile yenyewe asome sehemu inayotaja yasiyolipwa. Kwa kawaida kampuni italipa fidia kwa watu walioumia, au mali yao iliyoharibiwa na bidhaa. Haitalipa gharama ya kutengeneza upya bidhaa mbovu. Haitalipa gharama ya kuirudisha kutoka madukani, isipokuwa umenunua bima ya jambo hilo. Na kwa bidhaa kama viuatilifu, mbegu, dawa na vifaa vya tahadhari, mara nyingi huongezwa sentensi moja fupi: hatulipi hasara itokanayo na bidhaa kushindwa kufanya kazi iliyokusudiwa.

Sentensi hiyo ni fupi lakini ina meno. Chukueni mtungi wa kuzimia moto, unaoning'inia katika duka la pale Maili Moja. Mtungi ukilipuka mkononi mwa muuza duka ukamvunja kidole, bima ya aliyeutengeneza inalipa. Mtungi ukigoma kutoa unga na duka likateketea lote, kampuni ya bima itasema mtungi haukuunguza kitu, kilichounguza ni moto, nao mtungi umeshindwa tu kufanya kazi yake. Kidole kitalipwa, duka halitalipwa. Tena haiishii hapo. Mwenye duka akiwa na bima yake ya moto, kampuni yake itamlipa, kisha itavaa viatu vyake na kumdai aliyeuza mtungi. Na huyo, kwa ajili ya ile sentensi fupi, atasimama mahakamani peke yake.

Ndivyo atakavyosimama mwenye duka la pembejeo kule Kisarawe, ambaye mtaji wake wote pengine ni rafu nne za bidhaa. Mkulima anaweza kushinda kesi na asipate kitu, maana hukumu hailiwi. Kwa hiyo nawaambia wenye maduka na wenye viwanda: sentensi hiyo huweza kuondolewa au kulegezwa kwa kuongeza ada. Mwulizeni wakala kabla ya kusaini, na mpate jibu kwa maandishi.

Kwa mnunuzi, mambo ni ya kawaida kabisa. Tunza risiti, tunza mfuko wenye namba ya toleo, na usiutumie wote. Bakiza kiasi cha kupimwa. Viuatilifu vina mamlaka yake, ile ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Mbegu zinasimamiwa na TOSCI, dawa za binadamu na TMDA, chakula na bidhaa nyingi za viwandani na TBS. Lakini usichanganye mambo: vyombo hivi kazi yake ni kudhibiti bidhaa, kupima, kuzuia na kuchukua hatua. Fidia ya korosho zako utaidai kwa muuzaji, na akikataa, mahakamani. Na huko kuna saa inayokimbia. Dai la mkataba lina miaka sita tangu haki ya kudai ilipozaliwa. La uzembe, yaani lile la konokono, lina miaka mitatu tu.