Kijiji cha wavuvi kisichoruhusiwa kuvua

KWA miaka mingi Juni ulikuwa mwezi wa pilkapilka katika kijiji cha Emmonak, jimbo la Alaska nchini Marekani. Barafu ilipokwisha kuyeyuka mtoni, familia zilipakia nyavu, visu na vyombo vya kupikia katika mashua na kuhamia kambi za uvuvi kuwangoja samaki aina ya salmoni watokao baharini. Tangu 2021 nyingi za kambi hizo zimekuwa kimya, kwani samaki hao wamepungua kiasi cha serikali kupiga marufuku uvuvi uliokuwa uti wa mgongo wa maisha ya huko.

Emmonak ina wakazi zaidi ya 800, wengi wao wakiwa Wayupiki, mojawapo ya jamii za wenyeji asilia wa Alaska. Kijiji kiko karibu na mahali ambapo Mto Yukon, wenye urefu wa takriban kilomita 3,200, humwaga maji yake katika Bahari ya Bering. Hakuna barabara ifikayo huko. Anayetaka kwenda Anchorage, jiji kubwa zaidi la Alaska lililo umbali wa kiasi cha kilomita 800, hana budi kupanda ndege. Vijiji jirani hufikiwa kwa mashua wakati wa kiangazi, na kwa pikipiki za theluji mto unapoganda na kugeuka kuwa barabara.

Umbali huo hufanya kila kitu cha dukani kuwa ghali. Mafuta ya kupasha nyumba joto huletwa kwa tishari kabla ya mto kuganda, na mambo yakienda kombo hakuna njia nyingine ila ndege. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa 2008, barafu ilipowahi na kufunga mto kabla ya shehena ya mwisho kufika. Bei ya mafuta ilipanda hadi karibu dola 8 kwa galoni. Mapema 2009 mkazi mmoja aliandika barua kueleza jinsi jirani zake walivyolazimika kuchagua kati ya kununua chakula na kununua mafuta, na misaada ikaanza kumiminika kutoka sehemu mbalimbali za Marekani. Kiangazi cha kabla ya dhiki hiyo, mavuno ya salmoni mfalme yalikuwa mabaya. Mambo hayo mawili hayawezi kutenganishwa, kwa maana pesa za samaki ndizo hununua mafuta.

Salmoni huzaliwa katika maji baridi ya mito, huenda baharini kukua kwa miaka kadhaa, kisha hurudi mto ule ule kutaga mayai na kufa. Akishaingia mtoni haendelei kula. Nguvu zote za safari hutokana na mafuta aliyoyahifadhi mwilini, na kwa kuwa baadhi ya salmoni wa Yukon husafiri zaidi ya kilomita 3,000 hadi nchini Kanada, hao wa mlangoni mwa mto huwa wanono kupita kiasi. Wakazi huwategemea hasa salmoni mfalme, aliye mkubwa kuliko wote, na salmoni aina ya chumu, ambaye huja kwa wingi zaidi.

Kazi ya kambini ilikuwa shule kamili. Wanaume na vijana walitega nyavu. Wanawake walipasua samaki kwa uluaki, kisu chenye umbo la nusu mwezi, wakawakata vipande virefu na kuwaanika kabla ya kuwafukiza moshi kwa siku nyingi. Kwa kuwa ukanda huo hauna miti mikubwa, magogo yaliyosombwa na mto kutoka misitu ya bara ndiyo yaliyotumika kwa kuni. Mtoto alijifunza unene wa kipande, aina ya moshi na dalili za mvua kwa kusimama kando ya nyanya yake. Somo hilo halina kitabu, na samaki wasipokuwepo halina pa kufundishiwa.

Anguko lenyewe lilikuja kwa kasi. Katika miaka ya kawaida salmoni chumu wa kiangazi waliohesabiwa mtoni walizidi milioni moja. Mwaka wa 2021 walikuwa takriban 150,000 tu. Uvuvi wa biashara ulisimamishwa, na hata uvuvi wa chakula cha nyumbani, ambao sheria ya Marekani ya 1980 inaupa kipaumbele kwa wakazi wa mashambani, ukafungwa kwa aina zote mbili. Samaki waliletwa kwa ndege kutoka ghuba ya Bristol ili kugawiwa watu wanaoishi kandokando ya mto. Kampuni ya Kwik'pak, iliyokuwa ikinunua na kusindika samaki Emmonak, ilikuwa tegemeo kubwa la ajira za kiangazi, na wengi walikosa kibarua hicho.

Wanasayansi wanataja sababu kadhaa. Bahari ya Bering ilipata joto lisilo la kawaida kati ya 2016 na 2019, na salmoni chumu wachanga wakaonekana wakila yavuyavu, chakula kisicho na mafuta ya kuwawezesha kuvumilia msimu wa baridi. Mtoni nako joto la maji liliua samaki wengi Julai 2019 katika Mto Koyukuk, unaoingia Yukon. Salmoni mfalme, kwa upande wao, husumbuliwa na vimelea vinavyoshambulia moyo na misuli, ambavyo huenda huwaua wengi kabla ya kutaga.

Hata hivyo, wanakijiji wengi hunyooshea kidole meli za kukokota nyavu zinazovua samaki aina ya poloki baharini. Mwaka wa 2021 meli hizo zilinasa kwa bahati mbaya salmoni chumu zaidi ya 500,000. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa wengi walitoka vituo vya kuzalisha samaki barani Asia, na kwamba wa magharibi mwa Alaska walikuwa chini ya sehemu moja kwa kumi. Jibu hilo haliwatulizi watu waliokatazwa kuvua hata samaki mmoja wa kitoweo, na ni vigumu kuwalaumu.

Suala hili lina utata mwingine usiotajwa sana. Tangu 1992 serikali ya Marekani hutenga sehemu ya mavuno ya bahari hiyo kwa vijiji 65 vya pwani kupitia mashirika sita. Shirika linalowakilisha Emmonak, ambalo ndilo mmiliki wa Kwik'pak, hupata fungu la poloki. Kwa hivyo meli zinazolaumiwa ndizo pia huleta sehemu ya fedha za maendeleo kijijini.

Aprili 2024 Marekani na Kanada zilikubaliana kusitisha kwa miaka saba uvuvi wa salmoni mfalme wanaozaliwa upande wa Kanada. Muda huo ni takriban umri wa kizazi kimoja cha samaki huyo. Lengo ni kufikisha salmoni 71,000 mpakani kila mwaka, ilhali mwaka wa 2022 walifika kama 12,000 tu.

Salmoni chumu wa kiangazi wameongezeka kiasi, na kuanzia 2023 wakazi wameruhusiwa kuwavua kwa vyavu vidogo vya mpini, mradi kila salmoni mfalme anayenaswa arudishwe majini akiwa hai. Kazi hiyo inahitaji kusimama ndani ya mashua kwa saa nyingi ukishikilia mpini mzito dhidi ya mkondo, jambo ambalo wazee hawaliwezi. Waliobaki huwinda sili na musi, mnyama wa jamii ya kulungu aliye mkubwa kuliko farasi, na kuvua samaki weupe wa mtoni kwa nyavu fupi zenye matundu madogo. Mkataba wa salmoni mfalme utaendelea hadi 2030, na mtoto aliyekuwa na umri wa miaka mitano ulipoanza atakuwa na miaka 11 msimu wake wa mwisho utakapofika.