Mahakama ya Ufilisi Si Rungu la Kudai Deni

Wafanyabiashara wengi nchini Kenya huikimbilia Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 kwa pupa. Mtu akicheleweshewa malipo miezi miwili mitatu, humwambia wakili wake: "Waandikie tu kwamba tutawafilisi, watalipa." Pengine mbinu hiyo hufaulu, maana hakuna mkurugenzi anayetaka benki isikie kwamba kampuni yake imeombewa kufungwa. Lakini shauri hilo hilo likifika mbele ya jaji, mara nyingi huanguka, na aliyelileta huondoka na mzigo wa gharama juu ya deni ambalo bado hajalipwa.

Chanzo cha kuanguka huko ni kutoelewa kesi ya ufilisi ni ya nani. Kesi ya madai ya kawaida ni ya watu wawili, mdai na mdaiwa. Ufilisi humgusa kila mtu anayeidai kampuni: mfanyakazi ambaye hajalipwa mshahara, mwenye jengo, benki, muuzaji wa bidhaa na mamlaka ya kodi. Kwa hiyo jaji huuliza maswali mawili, tena kwa mpangilio. Kwanza, je, deni hili lina ubishi wa kweli? Pili, kama halina, ni njia ipi itakayowafaa wadai wote kwa pamoja?

Tuanze na la kwanza. Mdai anayeidai kampuni Sh100,000 au zaidi anaweza kuipelekea hati rasmi ya madai. Siku 21 zikipita bila kampuni kulipa wala kuafikiana naye, sheria huichukulia kuwa imeshindwa kulipa madeni yake, na mdai anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba ifungwe.

Chukua mfano wa msambazaji wa unga anayelidai duka kubwa Sh1,800,000. Amewasilisha mahakamani ankara zake na hati za kupokelewa mzigo zenye muhuri wa duka. Duka linajibu kwa hati ya kiapo kwamba unga ulikuwa umeloa. Jaji atatazama tarehe. Ikiwa kuna barua pepe ya meneja wa ghala iliyoandikwa siku mbili baada ya mzigo kufika, ikitaja idadi ya magunia yaliyoharibika na kuambatanisha picha, huo ni ubishi wenye uzito. Lakini ikiwa barua pepe zilizopo ni za mhasibu anayesema, "Tuvumilieni hadi mwisho wa mwezi, fedha zinakuja," na habari ya unga kuloa ikasikika mara ya kwanza baada ya hati ya madai kufika, jaji atauona utetezi huo kuwa umebuniwa ili kununua muda.

Katika hali ya kwanza jaji hatamwambia msambazaji kwamba hadai. Atamwambia amekosea mlango. Mahakama ya ufilisi huamua zaidi kwa hati za viapo, si kwa kuwahoji mashahidi siku nzima, kwa hiyo si mahali pa kupima kama magunia yaliloa kwenye lori au ghalani. Mgogoro wa aina hiyo huenda kwenye kesi ya kawaida, hukumu itolewe, na hukumu hiyo ndiyo iwe msingi wa hatua nyingine. Majaji wa Kenya wamelishikilia jambo hili mara nyingi: ombi la kufunga kampuni lisitumiwe kuishinikiza ilipe deni inalolipinga kwa nia njema.

Hata hivyo, mdaiwa asifikiri kwamba kubisha tu kunatosha. Akikubali sehemu ya deni na kupinga iliyobaki, sehemu aliyoikubali inaweza kutosha kuliweka ombi hai. Na akidai kwamba yeye pia anamdai mdai wake, lazima aonyeshe kwamba dai hilo lina msingi na kwamba kiasi chake kinalingana na deni au kulizidi.

Deni likishakuwa wazi, swali la pili huchukua nafasi. Kampuni inaweza kufungwa na mali yake kuuzwa na mfilisi. Inaweza pia kuwekwa chini ya msimamizi ambaye kwanza hujaribu kuiokoa ikiwa hai, na asipoweza, hutafuta matokeo bora kwa wadai kuliko yale ya kuifunga mara moja. Njia nyingine ni makubaliano kati ya kampuni na wadai wake, kama yale ambayo wadai wa kampuni ya maduka makubwa ya Uchumi waliyapigia kura mwaka 2020. Kampuni nyingine ya maduka makubwa, Nakumatt, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wenyewe wakapiga kura ifungwe. Usimamizi hutoa nafasi ya kupumua, lakini haufufui biashara ambayo rafu zake zimebaki tupu na wasambazaji wake wamekwisha kuondoka.

Katika kipindi cha usimamizi, benki haiuzi dhamana, mwenye jengo hatumi dalali, wala kesi mpya haifunguliwi bila ridhaa ya msimamizi au idhini ya mahakama. Hapo ndipo migogoro mingi huzuka. Mwenye jengo anataka nafasi yake apangishe wengine. Msimamizi anasema tawi hilo ndilo linaloingiza fedha za kuendeshea kampuni. Jaji hupima hasara ya kila upande, na huangalia kama kodi ya pango ya sasa, siyo malimbikizo ya zamani, inalipwa. Kumfanya mtu mmoja agharimie uokoaji wa kampuni kwa faida ya wengine si haki, na majaji wanalijua hilo.

Mali ikiuzwa, hugawanywa kwa zamu. Benki yenye dhamana ya mali mahususi hujilipa kutokana na mali hiyo, mradi dhamana ilisajiliwa inavyotakiwa. Isiyosajiliwa kwa wakati inaweza kubatilika mbele ya mfilisi. Zikiisha gharama za ufilisi, hufuata mishahara, kisha kodi. Lakini zamu ya mshahara ina kikomo: miezi minne ya mwisho, tena isiyozidi Sh200,000 kwa kila mfanyakazi. Fundi aliyekuwa akilipwa Sh60,000 kwa mwezi na hakulipwa miezi mitano anadai Sh300,000. Sh200,000 zitakuwa mbele ya foleni, na Sh100,000 zilizobaki zitasimama pamoja na madai ya muuza unga. Hawa wasio na dhamana hugawana kinachosalia kwa uwiano wa madeni yao, na mara nyingi kinachosalia ni kidogo sana. Ndiyo maana mahakama hufuatilia mali iliyohamishwa muda mfupi kabla ya kuanguka: gari aliloandikishiwa shemeji kwa bei ya kutupa, au mdai mmoja aliyelipwa chote kwa upendeleo. Miamala hiyo inaweza kubatilishwa na mali ikarudi kwenye fungu la wote.

Mtu binafsi naye ana mlango wake. Mwenye madeni ya kati ya Sh100,000 na Sh4,000,000, asiye na mali ya kuuzwa wala uwezo wa kulipa, na ambaye hajawahi kutangazwa mufilisi, anaweza kuomba utaratibu maalumu wa watu wasio na mali, na baada ya miezi 12 madeni hayo yakafutwa. Aliyetangazwa mufilisi kwa kawaida huachiliwa baada ya miaka mitatu tangu awasilishe taarifa ya mali na madeni yake, ikiwa hakuna pingamizi. Kinachoamua pingamizi ni uaminifu. Mtu aliyetaja kila akaunti, kila shamba na kila deni husikilizwa kwa huruma. Aliyeficha ploti au aliyekuja mahakamani ili tu akwepe hukumu ya jana hukataliwa. Na madeni yatokanayo na ulaghai hayafutwi kwa mtu kuachiliwa.

Kwa hiyo, ukidai, hakikisha karatasi zako zinathibitisha deni lisilobishaniwa kabla ya kutaja neno ufilisi. Ukidaiwa, usiitupe hati ya madai kwenye droo: siku 21 ni chache, na kwa mtu binafsi ndizo hizo hizo za kuiomba mahakama iitupilie mbali. Malalamiko kuhusu bidhaa yaandike siku unayoyaona, na ukishindwa kulipa, sema mapema, kampuni ikiwa bado na kitu cha kuokolewa. Sheria hii ilitungwa ili anayeanguka asipotee kabisa na wanaomdai wasinyang'anyane mali yake, na huwafaa zaidi wale wanaoijia na ukweli wote.